Maiti Kondeni na Wazee wa Mji

Somo: Kumbukumbu la Torati, mlango wa 21, mstari wa 1 hata wa 9.



Katika sheria alizopewa Musa iko moja isomwayo mara chache kanisani, nayo yatufaa sana. Yanena habari za mtu aliyekutwa amelala kondeni, ameuawa, wala hajulikani aliyempiga. Mungu hakuwaambia Israeli wamzike upesi ili mambo yaishe. Aliwaamuru wazee na waamuzi watoke, wapime umbali tangu pale ilipolala maiti hata miji iliyo kandokando. Mji ulioonekana kuwa karibu kuliko mingine, wazee wake ndio walioitwa kujibu. Walimtwaa mtamba ambaye hajatiwa nira bado, wakamshusha bondeni penye maji yasiyokauka, mahali pasipolimwa, wakamvunja shingo. Makuhani nao walikuwapo, maana kila shauri la ugomvi na la pigo lilikuwa juu yao. Ndipo wazee waliponawa mikono juu ya yule mtamba, wakashuhudia kwamba si wao walioimwaga damu ile, wala hawakuona ilipomwagwa. Wakamsihi Bwana asiwahesabie watu wake damu ya mtu asiye na kosa.

Twataka kuyaangalia mambo matatu katika sheria hii. La kwanza, damu ya yule maiti ina mwenyewe. La pili, wazee walitoka kwenda kupima. La tatu, mikono ilinawiwa baada ya kazi, wala si kabla yake.

La kwanza, damu ina mwenyewe. Angalieni jinsi sheria isivyouliza habari za yule aliyelala kondeni. Haiulizi kabila lake, wala alikuwa akienda wapi, wala alikuwa mtu wa chama gani. Haisemi kwamba kama alikuwa mtu wa fujo, basi aachwe. Yatosha kwamba alikuwa mtu, na kwamba ameuawa. Mungu aliyemwuliza Kaini habari za ndugu yake anauliza bado, wala hakubali jibu la yule asemaye kwamba yeye si mlinzi wa mwenziwe.

Basi na tuitazame nchi yetu. Tarehe 5 Januari 2011, mjini Arusha, watu wa chama cha CHADEMA walikusanyika kwa ajili ya maandamano na mkutano katika viwanja vya NMC. Ugomvi wenyewe ulitoka katika uchaguzi wa meya uliofanywa Desemba 2010. Polisi walikuwa wamekataza maandamano, mkutano wakauruhusu. Watu walipoandamana, polisi walitumia moshi wa kutoa machozi, na risasi za moto zikapigwa. Watu watatu walikufa, mmoja wao raia wa Kenya. Viongozi wa chama walikamatwa, miongoni mwao Freeman Mbowe na Dakta Willibrod Slaa. Wakubwa walisema kwamba askari walikuwa wakilinda mji. Waandamanaji walisema kwamba walipigwa bila sababu. Viongozi wa makanisa ya Arusha, akiwamo Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi yetu ya Kaskazini Kati, aliyelala katika Bwana mwaka 2013, hawakunyamaza. Walinena hadharani juu ya jambo lile, ijapokuwa wako waliowaambia kwamba siasa si kazi ya maaskofu.

Miaka miwili ilipita, na nusu. Jumamosi, tarehe 15 Juni 2013, katika viwanja vya Soweto, chama kile kile kilikuwa kikifunga kampeni ya uchaguzi wa madiwani wa kata nne za mji. Jua lilikuwa likishuka, na watoto walikuwapo pamoja na watu wazima, kama ilivyo desturi penye ngoma na vipaza sauti. Bomu likatupwa kati ya watu. Wengine waliuawa, na makumi wakajeruhiwa. Ni nani aliyelitupa? Mbowe alisema kwamba mtupaji alikuwa mtu wa jeshi la polisi, na kwamba watu walipotaka kumfuata, askari waliwapiga risasi. Polisi walikana. CHADEMA walitaka tume ya majaji iundwe, wakasema kwamba ushahidi wao watautoa mbele ya tume hiyo. Polisi wakataka wapewe wao ushahidi ule. Siku tatu baadaye watu waliokusanyika pale pale Soweto kuomboleza wafu wao walitawanywa kwa moshi.

Wako wasemao, Wapiganapo tembo nyasi huumia, na kwa methali hiyo hulimaliza jambo. Methali ni ya kweli kwa nyasi. Lakini mtu si nyasi. Yule mtoto aliyekwenda Soweto kusikiliza ngoma amebatizwa au hakubatizwa, ni wa Kanisa au ni wa msikiti, ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na damu yake ina Mwenyewe, naye yu hai, anauliza.

La pili, wazee walitoka. Hawakukaa langoni mwa mji na kungoja habari ziletwe. Hawakusema, Sisi ni wazee tu, hili ni jambo la wakubwa. Walikwenda mpaka pale maiti ilipo, wakaiona kwa macho, wakapima. Kupima ni kazi ya kuchosha, tena haina heshima. Mwenye kupima hatangulii kusema ni mji gani wenye lawama. Auacha ukweli useme. Hapa kwetu mnaijua desturi hii. Wameru na Waarusha tangu zamani, mtu akiuawa, shauri haliishi mpaka wazee wamekaa, na kila upande umesikiwa mpaka mwisho wa maneno yake. Sheria ya Mungu haikuwa ngeni kwa babu zetu katika jambo hili.

Mambo huwaje watu wasipopima? Jibu liko Akeri, katika kaburi la mwanzo wa Injili mlimani Meru. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Twawakumbuka kuwa mashahidi wa Bwana, na ni haki kuwakumbuka. Lakini na tukumbuke hadithi yote. Baadaye alikuja Kapteni Johannes pamoja na askari wa Kijerumani na wasaidizi wao, kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa moto, ng'ombe wakachukuliwa, watu wengi wakauawa. Je, wote wale walikuwa wameshika mkuki usiku ule? Hakuna aliyepima. Mlima wote ulihesabiwa kuwa na hatia. Mwaka 1900 wakubwa wa Meru na wa Arusha walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli, na boma la Arusha likajengwa kwa mikono ya watu waliolazimishwa. Ovir na Segebrock walikuja kuhubiri msamaha. Waliolipiza kisasi kwa ajili yao walihubiri neno jingine kwa bunduki. Hata hivyo Mungu hakuiacha nchi. Mwaka 1902 misioni ilianza Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru, na wana wa wale waliochomewa nyumba wakawa walimu wa Injili. Neema hiyo ni kubwa, walakini haiigeuzi dhuluma kuwa haki.

Tena liko jibu la pili, lililo jema zaidi. Mwezi wa Novemba 1951 Serikali ya Kiingereza iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika Engare Nanyuki, ili nchi yao wapewe walowezi. Askari walikuja, nyumba zikachomwa. Wameru hawakukubali kuondoka kwa hiari, lakini hawakuinua mkono. Walifanya nini basi? Walishuhudia. Walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York, naye mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaeleza yaliyotendeka. Hawakupata nchi yao siku ile. Lakini ulimwengu ulisikia, wala hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba halikutendeka neno lo lote Engare Nanyuki. Huo ndio upimaji. Ushuhuda wa kweli ni kamba ndefu. Waweza kufika toka Meru hata ng'ambo ya bahari.

Ninyi walimu na wainjilisti mnafundisha Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotoka mwaka 1529. Mnawafundisha watoto amri ya tano kwanza, kisha ya nane. Mwawafundisha kwamba amri ya tano haikatazi kuua tu, bali yatutaka tumsaidie jirani katika hatari zote za mwili. Basi yeye aonaye jirani akipigwa, naye aweza kusaidia, akapita, ameivunja amri ya tano ijapokuwa mikono yake ni safi. Na amri ya nane yatukataza kumsingizia jirani. Askari naye ni jirani. Mtu akisema, Nimeona askari fulani akipiga, naye hakuona bali amesikia sokoni, ameongeza dhuluma juu ya dhuluma. Tena amemsaidia mwovu; kwa maana uongo mmoja ukijulikana, watu huutupa na ukweli mia uliofungwa pamoja nao. Torati yataka mashahidi wawili au watatu, nayo yawaamuru waamuzi wachunguze kwa bidii. Amri hizi mbili zatembea pamoja kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. Ya tano yatukataza kunyamaza, na ya nane yatukataza kuzusha.

Wapendwa, maneno haya si ya zamani tu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalitokea katika miji mingi ya Tanzania, na Arusha ulikuwa mmoja wao. Mali ziliharibiwa, vituo vya mafuta na magari vilichomwa moto. Mtandao ulizimwa nchi nzima, na wanajeshi walitoka barabarani pamoja na polisi. Risasi zilipigwa. Mwezi wa Novemba Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba yaaminika mamia ya watu waliuawa, na kwamba ziko habari za maiti zilizochukuliwa na kupelekwa kusikojulikana. Serikali ilikataa hesabu zilizotajwa na wapinzani. Mwezi ule ule Rais aliunda tume ya uchunguzi, mwenyekiti wake Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Ni kweli kwamba achomaye mali ya mwenziwe anatenda dhambi, nasi hatuwezi kumsifu. Lakini mchoma mali ana mahakama, na mahakama ina hakimu, na hakimu ana kitabu cha sheria. Risasi haina sikio la kumsikiliza mshtakiwa. Tena fikirini jambo hili. Katika somo letu maiti ilikuwapo kondeni; wazee waliweza kuiona. Mama aliyepoteza mtoto, asipewe hata mwili wa kuzika, yu katika hali iliyo ngumu kupita ile ya Torati. Hana pa kuanzia kupima. Mama wa namna hii akija katika usharika wako, mwalimu, utamwambia nini? Usimwambie anyamaze. Mtu wa kwanza kupima naye na awe mzee wa kanisa.

La tatu, mikono ilinawiwa. Mmeona kwamba katika Maandiko kuna kunawa kwa namna mbili. Wazee wa Israeli walinawa bondeni, baada ya kutoka, baada ya kupima, baada ya kuulizwa mbele ya makuhani. Pilato alinawa nyumbani kwake, mbele ya watu, naye alikwisha jua kwamba yule aliyesimama mbele yake hana kosa. Kisha akamtoa apigwe mijeledi na askari wake mwenyewe. Maji yalikuwa yale yale. Tofauti iko katika njia iliyotangulia maji. Asiyekwenda kondeni hana ruhusa ya kunawa.

Neno hili lawahusu wenye amri. Mwezi wa Juni 2013, siku chache baada ya Soweto, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema Bungeni kwamba wanaokaidi amri za vyombo vya dola watapigwa tu, kwa kuwa Serikali imechoka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Mawakili walilipeleka neno lile Mahakama Kuu, na mwaka 2014 shauri likatupwa. Kinga ya Bunge ni sheria ya nchi, nasi twaiheshimu. Lakini mbele ya kiti cha Kristo hakuna kinga ya namna hiyo. Mwenye mamlaka ajue kwamba neno lake likitoka mdomoni kuwa kuchoka tu, linaweza kufika mkononi mwa askari likawa rungu.

Neno hili lawahusu askari pia, nao ni wengi kati yetu. Kiswahili chamwita polisi askari, na mwanajeshi askari. Jina ni moja, na jaribu lao ni moja. Luka, katika mlango wa 3, mstari wa 14, aandika kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yohana hakuwafukuza majini. Hakuwaambia kwamba kazi yao haina toba, wala hakuwaambia watupe silaha zao. Aliwaambia mambo matatu: wasimtoze mtu kwa nguvu, wasimshtaki mtu kwa uongo, wawe radhi na ujira wao. Nguvu, uongo na tamaa: Yohana aliijua kambi! Maana askari akiisha kumpiga asiye na kosa, humbidi kumtafutia kosa. Na pigo la rungu huzaa hati ya uongo.

Luther naye aliulizwa na mtu wa vita aliyesumbuka moyoni, akamjibu kwa kitabu mwaka 1526. Alisema kwamba kazi ya silaha yaweza kuwa kazi halali mbele za Mungu, kama kazi ya tabibu akataye mkono ili mwili upone. Lakini mtu akijua kwa yakini kwamba bwana wake hana haki, ampasa kumcha Mungu kuliko wanadamu. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lafundisha vivyo hivyo: twawatii wenye mamlaka, ila pale wanapotuamuru kutenda dhambi. Basi, ndugu askari, amri ya mkubwa wako yakulinda mbele ya mkubwa wako. Haikufuniki mbele za Mungu. Kama mkono wako ulimwaga damu, wala hakuna aliyekuona, mlango wa mchungaji u wazi kwa maungamo. Lakini toba ya kweli haikomi chumbani mwa mchungaji. Yataka kweli isemwe mahali inapoulizwa.

Na sisi wengine, tulio wazee wa mji? Mambo haya yatupasa. Mtu ye yote aliyeona, aandike yale aliyoyaona mwenyewe, siku na mahali, asiongeze wala asipunguze. Na akiitwa na tume au mahakama, aende, na usharika umsindikize asiende peke yake. Waliojeruhiwa na walioachwa wajane na yatima watembelewe, pasipo kuulizwa kwanza ni wa chama gani. Majina ya wafu yatajwe katika maombi ya Kanisa. Na mtoto wa askari asitengwe katika darasa la kipaimara kwa sababu ya kazi ya baba yake.

Mtasema, Tumepima, tumeshuhudia, na bado aliyeua hajulikani. Ndiyo maana Torati ilimweka mtamba bondeni. Israeli walijua kwamba iko damu ambayo wanadamu hawawezi kuifikia hata mwisho wake, nao waliihitaji rehema. Sisi tunaye aliye mkuu kuliko mtamba yule. Bwana wetu naye alikamatwa usiku, akashtakiwa kwa uongo, akapigwa na askari, akauawa nje ya mji, na mkubwa aliyetoa amri akanawa mikono. Yeye anaijua njia ya kila mtu aliyekokotwa barabarani. Waraka kwa Waebrania, mlango wa 12, wafundisha kwamba damu yake yanena mema kuliko ya Habili. Ya Habili ililia kudai haki. Ya Kristo haikikatazi kilio kile; yakipokea, yakichukua mpaka mbele za Baba, kisha yatoa msamaha kwa mwuaji anayetubu, na faraja kwa mama anayengoja. Kwa ajili ya damu hiyo hatuna haja ya kisasi kama kile cha mwaka 1896. Na kwa ajili ya damu hiyo hiyo hatuna ruhusa ya kunyamaza.

Na tuombe. Bwana Mungu, uliyemwuliza Kaini, utuulize na sisi, usituache. Uwape waamuzi wa nchi yetu macho ya kupima na moyo usioogopa. Uwape askari wetu kuogopa kukukosa wewe kuliko kumkosa mkubwa wao. Uwafariji waliofiwa, na wale wasio na kaburi la kulilia. Uisafishe mikono yetu kwa damu ya Mwanao, tukiisha kwenda kondeni. Amin.